Mzee alofanyiwa baipasi anatakiwa kupitishwa tena mpira wa moyo, vipi apunguziwe dawa ya rangi na mionzi?

KarafuuMbichi
Asalaam alaykum jamani. Naomba msaada na naomba msinambie nenda kamuone daktari, huko ndiko nilikotoka.

Baba ana miaka 68, tupo Wete. 2013 alipelekwa India akafanyiwa baipasi (oparesheni ya kupandikiza mishipa ya kuipita ilioziba moyoni) mishipa mitatu, akarudi mzima mashallah, mwaka wa pili tu tunamkemea ashuke juu ya mkarafuu. Sasa tangu kabla ya Ramadhani kifua kinambana akipanda kile kilima cha kwenda msikitini, anasimama anajifanya anamsalimia mtu kumbe anatafuta pumzi. Tukamvusha kwenda spitali moja, siitaji, wakampitishia ule mpira wa pajani wa kuangalia mishipa ya moyo. Saa nzima na robo yumo ndani. Mie na ami tupo kwenye benchi nje, kila mlango ukifunguka tunasimama. Wakatoka wakatwambia mishipa yake ya asili tumeiona, wa kupandikizwa tumepata mmoja tu, ile miwili tumeitafuta hatukuipata, na dawa ya rangi imeshafika mililita 210 tukaona tusimame.

Siku ya tatu kreatinini (uchafu wa kwenye damu, ukipanda ujue figo zimechoka) ikatoka 128 ikenda 196, miguu ikavimba. Alhamdulillahi imeshuka ipo 140, eGFR, yaani kipimo cha figo zinavyochuja, wanasema 46. Sasa wanataka wamrejeshe mezani waitafute ile miwili. Mzee kakataa kata kata, anasema figo zangu si za kuchezea karata. Na mie nakhofu na mionzi pia maana saa nzima ile mashine inampiga tu. Kuna njia ya kufanya kwa dawa kidogo au ndo tukae na kifua?

Pweza_Mkavu
210?! Hiyo glasi nzima ya chai yakhe. Pole sana na mzee.

Nesi_Mstaafu
Waalaykum salaam mwanangu. Pole. Kabla hatujafika mbali nikuulize kitu kimoja, ripoti ya oparesheni ya India iko wapi? Sisemi karatasi ya kuruhusiwa ile yenye orodha ya dawa. Nasema ripoti ya mpasuaji, ilosema mshipa gani umetolewa wapi na umeshonwa wapi. Hao walompitisha mpira waliiona?

KarafuuMbichi
Sh'kamoo mama. Hapana, hakuna alieuliza na sie hatukujua kama inatakiwa. Kuna bahasha kubwa anayo bi mkubwa chini ya kitanda, ntaitazama.

Nesi_Mstaafu
Marahaba. Itazame leo leo. Mtu alofanyiwa baipasi moyo wake si kama ulivyochorwa kwenye kitabu, una njia za panya. Anaeingia bila ya kuambiwa njia zimeanzia wapi anatafuta kwa kupapasa, na kila akipapasa anapiga dawa ya rangi aone kama amefika. Ndo mililita 210 zilivyokwenda hizo.

MpigaPicha_Ngambo
Bi Nesi kasema kweli, mie nafanya kazi ya picha niongezee.

Kwenye angio (ndo huo mpira wa kuangalia mishipa) ya mtu wa kawaida kuna midomo miwili tu ya kutafuta, kushoto na kulia, na ipo pahala pake siku zote. Alofanyiwa baipasi ana hiyo miwili, halafu kila mshipa ulopandikizwa una mdomo wake. Ile ya mguuni (wanachukua mshipa wa mguu, mtazame mzee ana kovu refu kwenye mundi) inashonwa juu kwenye aota, ule mshipa mkubwa unaotoka moyoni, na kila mpasuaji anashona pale alipoona panafaa, wengine wanatia kipete cha chuma kuonyesha mahala, wengi hawatii. Halafu upo mshipa wa kifuani unaitwa LIMA, si lima la jembe, huu haukatwi mwanzo wake, unaanzia kwenye mshipa mkubwa unaokwenda mkono wa kushoto chini ya mtulinga, unateremshwa hadi mbele ya moyo. Sasa ukikosa kuuona mdomo wa ile ya mguuni unafanyaje? Unamwaga dawa nyingi kwa pampu ndani ya aota uone inaingia wapi, mara moja mililita 30 au 40 zimekwenda. Ukimwaga mara mbili na bado hukuona, hesabu mwenyewe.

Na pedeli ya kamera nayo muda wote imekanyagwa ndo mionzi hiyo.

Nnavyoona mie, kabla hajarudi mezani afanyiwe CT skani ya mishipa ya moyo kwanza. Ile ya kulala ndani ya duara, sindano mkononi tu, hakuna mpira wa kuingia moyoni. Baada ya hapo ndo mnaamua kama mpira unatakiwa, na ukitakiwa wanakwenda wanajua mlango uko wapi.

Kijana_wa_Darajani
Lakini broo si hiyo CT nayo ina dawa ya rangi?? na mionzi?? sasa utakua umempunguzia au umemuongezea, mie naona ni spitali tu zinatafuta bili mbili

MpigaPicha_Ngambo
Suali zuri na usiliache. Ndio inayo. CT inaweza kula mililita 70 hadi 100, kwa hiyo ukijumlisha CT na angio ya baada yake usitegemee jumla ishuke kwa kiasi kikubwa. Ila hazipigwi siku moja, figo zinapata nafasi ya kupumua katikati. Na dawa ya CT inaingia kwenye mshipa wa mkono, inazunguka, inachanganyika na damu ndo inafika figoni. Ya mpira inamwagwa ndani ya aota karibu na moyo na kushuka moja kwa moja.

Halafu hili si la kukisia. London pale spitali ya Barts walifanya utafiti kwa watu 688 wote walishafanyiwa baipasi na wote walitakiwa wapitishwe mpira, nusu wakaanza na CT, nusu wakaenda moja kwa moja, ukatoka 2023 kwenye jarida la Circulation. Waloanza na CT muda wa mezani ulikua wastani wa dakika 18.6, wengine 39.5. Walopata madhara ya figo baada ya angio asilimia 3.4 kwa walotanguliza CT, asilimia 27.9 kwa wengine. Matatizo ya pale pale mezani nayo, 2.3 kwa 10.8. Dawa ya rangi ya mezani ilishuka chini ya nusu.

Nisikufiche, ilikua spitali moja tu, na madaktari walijua nani kafanyiwa CT na nani hakufanyiwa, hilo haliwezi kufichika. Lakini tafauti ya 3 na 27 si ya kupuuzia.

Kijana_wa_Darajani
Mmmh hapo nimekaa

MamaWaChake
Na mionzi jamani mbona mnaipita? Mie nilisikia CT moja sawa na eksirei mia mbili

MpigaPicha_Ngambo
Mama, hiyo hesabu inatisha kuliko inavyofundisha kwa sababu eksirei moja ya kifua ni ndogo mno. Tazama hivi. Binaadamu kwa kukaa tu duniani, udongo, mawe, jua, chakula, anapata wastani wa milisiveti (kipimo cha mionzi) 2.4 kwa mwaka. CT ya moyo kwa mashine nzuri na mtu anaejua kazi ni milisiveti chache. Ya mtu wa baipasi inazidi kidogo maana hatuanzi kwenye moyo, tunaanza juu kwenye mtulinga ili tuione LIMA inapotokea. Angio ya mpira ikiwa fupi nayo ni hizo hizo chache, ikiwa ya saa nzima na robo ya kutafuta ni khabari nyengine, ngozi ya mgongo yenyewe inaweza kuungua kama imepigwa pahala pamoja muda mrefu. Mtazameni mzee mgongoni kama ana wekundu wa umbo la mraba.

Na nikwambie ukweli wangu, kwa mtu wa miaka 68 mwenye figo za 46 mie ningehangaika na figo kwanza. Saratani ya mionzi inachukua miaka mingi kuja, figo siku tatu tu.

Daktari_Halali
Nimepita kimya kimya ila naona mpo njia nzuri, niongeze machache ya mezani, mimi nakaa ndani ya chumba hicho.

KarafuuMbichi, ukienda nae ongea na mtaalamu KABLA, sio akiwa kashavaa aproni ya risasi ya kuzuia mionzi. Mwambie mzee eGFR yake 46. Wengi wetu tuna kipimo cha kichwani kwamba mililita za dawa zisizidi mara tatu ya eGFR, kwa hiyo kwake hesabu ni 138 na ukiweza kukaa nusu yake ndio bora. 210 ilikuwa imeshapita. Muombe asipige picha ya kujaza moyo dawa ili kuona unavyosukuma, ile peke yake inakula mililita 30 na zaidi, na jambo hilo hilo linaonekana kwa eko (ultrasaundi ya moyo) bila tone la dawa. Kama ana eko ya karibuni achukue.

Mionzi: mashine inaweza kupiga picha 15 kwa sekunde au 7.5, macho yaliyozoea yanatosheka na 7.5 na mionzi inashuka kama nusu. Kubana dirisha la mwanga liwe dogo, kuteremsha kile kibao cha juu kikaribie kifua. Haya ni ya kwetu sisi, wewe huwezi kuyasimamia, lakini mgonjwa akiuliza "mtatumia ngapi kwa sekunde" watu wanakaa sawa wallahi, nimeona.

Na njia ya kuingilia. Kwa mwenye LIMA mimi napenda kifundo cha mkono wa KUSHOTO, maana LIMA ipo upande huo, unafika moja kwa moja. Pajani pia inafaa. Kifundo cha kulia ndio kwenye shida, unavuka kifua kizima kuutafuta.

Moja muhimu, haya yote ya kuanza na CT ni kwa mtu ambae kifua chake kinabana akifanya kazi na kinatulia akipumzika. Kikibana na hakiachii, jasho, kutapika, hapo hakuna CT wala bahasha, ni kukimbilia.

Pweza_Mkavu
Mie mzee wangu aliambiwa akafanye hiyo CT wakamrudisha nyumbani mapigo yanakwenda mbio, nauli ya boti imekwenda bure. Kumbe asubuhi alipitia barazani akapiga vikombe vitatu vya kahawa chungu na hakuna aliemwambia 😂

MpigaPicha_Ngambo
Hahaha hilo kila siku. Moyo ukienda mbio picha inatoka na ukungu, na sie tunalazimika kuongeza mionzi kufidia. Tunataka mapigo 60 au chini ya 65, ndo maana tunatoa vidonge vya kuyateremsha. Kahawa asiguse tangu jana yake. Kuna na kidonge au dawa ya kupuliza chini ya ulimi ya kutanua mishipa, sasa wazee wangu kwa heshima zote, yule anaetumia vile vidonge vya "nguvu" aseme. Akichanganya na hiyo presha inaporomoka anaweza kufia mezani. Wanaona haya mbele ya watoto wao, kwa hiyo watoto tokeni nje ya chumba kidogo.

Na sindano ya CT iwe mkono wa KULIA. Sindano ikiwa kushoto, dawa ikiwa nzito inapita karibu na pale LIMA inapoanzia, inang'aa kama karabai ya wavuvi usiku na kuufunika mwanzo wa mshipa tunaoutafuta. Kwa hiyo CT kulia, mpira kushoto. Mzee akishika hayo mawili tu keshasaidia.

KarafuuMbichi
Jamani nimeitoa bahasha. Ilikua ndani ya mkoba wa ukili pamoja na hati ya shamba na kuna makonyo ya karafuu yamemwagika humo, karatasi zote zinanuka mpeto. Zipo kama kumi na tano. Ya kumi na mbili imechorwa moyo kwa mkono kwa wino wa buluu, mviringo tu kama embe, na mistari mitatu. Mmoja umeandikwa LIMA – LAD. Wa pili SVG – OM. Wa tatu SVG – PDA, na huu wa tatu kaandika pembeni kitu kama "high, anterior". Chini sahihi.

Miaka yote ipo chini ya kitanda mita tatu na kichwa cha mgonjwa.

Nesi_Mstaafu
Alhamdulillah! Sasa mwanangu piga picha kwa simu mchana kwenye mwanga, karatasi zote, ujitumie mwenyewe na mdogo wako. Asili usiiachie spitali yoyote, wape kopi.

Daktari_Halali
Hiyo karatasi ni dhahabu. Tafsiri: LIMA imekwenda mshipa wa mbele. SVG ni mshipa wa mguu, mmoja umekwenda ubavuni, mmoja chini nyuma ya moyo, na mdomo wake umeshonwa juu na mbele kwenye aota kuliko kawaida. Yaani waliokuwa wanautafuta pengine walikuwa wanapapasa chini yake saa nzima.

Na miaka zaidi ya kumi imepita, jueni LIMA kwa kawaida inadumu, zaidi ya tisa katika kumi bado ipo wazi baada ya miaka kumi, ya mguuni karibu nusu yake inakuwa imeziba au imeharibika. Kwa hiyo ukiambiwa mmoja umeziba usidhani India walikosea.

MamaWaChake
Na maji je? mie nilimnywesha mume wangu dafu tangu alfajiri kabla ya kipimo ili asafike

Nesi_Mstaafu
Mama dafu lina potasiamu nyingi, kwa mtu mwenye figo nzima halina neno ila kwa figo za 46 na anatumia na vidonge vya presha naomba mliache, apewe maji ya kawaida. Tatizo langu mie ni ile "asile asinywe tangu usiku", mgonjwa anatoka Pemba kwa boti la asubuhi, jua kali, anafika saa nane hajatia tone, figo zimekauka ndo anapigwa dawa. Ulizeni kabla, vituo vingi maji matupu wanaruhusu hadi karibu na kipimo. Wa figo dhaifu watake dripu ya chumvi kabla na baada, lakini iende kwa kipimo maana na moyo wenyewe mgonjwa, ukimjaza maji yanapanda kwenye mapafu. Na asiwe amefunga siku hiyo, hata ya sunna.

Vyengine: diklofenaki, ile dawa ya maumivu ya goti, aache siku kadhaa kabla. Kama ana sukari na anameza metfomini amwambie daktari, mwenye figo dhaifu huambiwa aisimamishe na asiirudie mpaka figo zipimwe baada ya saa 48. Kile kidonge cha kuyeyusha makohozi walichokuwa wanatoa zamani kukinga figo msikikimbilie, kilipimwa kwenye utafiti mkubwa ulotoka 2018 hakikusaidia kitu.

Kijana_wa_Darajani
Uzi mzuri huu, nimeuweka

KarafuuMbichi
Jamani narudi na khabari, wiki sita zimepita samahani kwa kimya.

Tulikwenda Dar. Nikamuonyesha daktari ile picha ya embe la buluu kwenye simu, akaichukua simu yangu akatoka nayo kwenda kumuonyesha mwenzake, nikakaa pale bila simu dakika kumi moyo unanidunda. Aliporudi akasema tuanze na CT, sikuhitaji hata kumuomba. Mzee mapigo yalikua 78, wakampa kidonge, tukakaa saa nzima yakateremka 61. Sindano mkono wa kulia, yeye mwenyewe ndo aliewapa mkono wa kulia kabla hawajauliza. Wakamfundisha kuzuia pumzi, mara ya kwanza akapumua kati, mara ya pili akahesabu tasbihi moyoni. Mililita 75.

Majibu: LIMA nzima safi. Wa ubavuni umeziba wote, wa zamani huo wanasema, hauna la kufanywa. Wa tatu, ule wa "juu mbele", upo wazi ila katikati umebana sana. Tukasubiri siku tisa, kreatinini 142, ndo akapelekwa mezani. Kifundo cha kushoto. LIMA hawakuigusa kabisa kwa sababu CT ishaiona. Wakenda moja kwa moja kwenye ule wa tatu wakatia stenti (kijibomba cha wavu cha kuuweka mshipa wazi). Mililita 82, dakika thalathini na kidogo na stenti yenyewe ndani yake. Siku ya tatu 145, siku ya saba 139.

Mionzi nikauliza ile ya 7.5, yule fundi akanitazama akacheka akasema nani kakufundisha.

MpigaPicha_Ngambo
Hahaha ungemwambia pweza mkavu. Mashallah, mpe mzee salamu.

Pweza_Mkavu
Na kahawa?

KarafuuMbichi
Karudi barazani tangu juzi, kikombe kimoja kasema, mie siamini. Ile karatasi nimeipeleka Chake nimeitia plastiki, nyuma nimeandika tarehe ya stenti, mshipa gani, na kreatinini zote.

Bahari_Njema
Samahani nimechelewa kuingia, sie babu yetu nae alifanyiwa India 2009 ila bahasha yake imeliwa na mchwa yote, imebaki kadi ndogo tu ya spitali. Tuanzie wapi?

Nesi_Mstaafu
Hiyo kadi ina namba ya mgonjwa? Basi isomeni vizuri muiandike pembeni isije nayo ikaliwa. Waandikieni barua pepe kitengo cha kumbukumbu cha spitali ile ile, mtaje jina kama lilivyo kwenye paspoti ya wakati ule, hiyo namba, na mwezi wa oparesheni, muombe ripoti ya oparesheni. Wakichelewa wapigieni asubuhi, India wapo mbele yetu saa mbili na nusu. Wasipokua nayo ndo CT mbele zaidi kwenu kuliko kwa mwenzenu. Babu figo zake zimepimwa lini?